Sura ya Sita: Jetoni ya Kumi na Saba

Bidoni tupu iligongwa gizani, mara moja tu, na ndani ya nyumba mtoto akaruka kitandani.

"Papa!"

Inspekta Fidélie Mwenze alirudisha mguu wake nyuma. Umeme wa mtaa wa Dilala ulikuwa umekatika tangu jana, naye hakuiona ile bidoni ya njano, dumu la maji, iliyosimamishwa chini ya dirisha. Ni kiatu chake kilichoigonga. Kabla hajapiga hodi, mlango ulifunguka. Kwenye mwanga wa simu alimwona Kapinga, mwanamke aliyekuja komisaria ya polisi jana akilia, na pembeni ya mguu wake msichana wa miaka minne. Mtoto alimtazama Fidélie, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, kisha akarudi ndani.

"Utusamehe, mama inspekta," Kapinga alisema. "Tshibola amezani ni baba yake. Kalala hagongake mulango."

"Juu ya nini?"

"Mwaka ile ya kufukuza bantu ya Kasai, yeye alikuwa mutoto mudogo, kama huyu. Bantu balikuya na bifimbo, banapiga milango yote ya camp, banasema mutoke. Tangu pale mama yake hakuweza tena kusikia mulango inagongwa, alikuwa anatetemeka. Njo Kalala akazoea bidoni. Kama anarudia ku kazi, anagonga mara tatu, anangoja kidogo, halafu moja. Pale tunafungua."

Fidélie aliliandika hilo kwenye daftari lake, ingawa hakuona lingemsaidia nini. Saa yake ilionyesha kumi na moja kasorobo alfajiri. Ilikuwa Alhamisi.

Jumanne, saa tisa mchana, shimo namba nne la machimbo ya Kamwezi, upande wa barabara ya Mutoshi, lilikuwa limeporomoka. Koperative ya Tujengane, ushirika wenye machimbo hayo, ilitoa liste ya majina siku ileile: watu thelathini na mmoja walishuka, watu thelathini na mmoja walitoka. Hakuna aliyekufa, hakuna anayetafutwa. Na kwa vile tangu Jumatatu wanajeshi walikuwa wakiwafukuza wachimbaji wa Kamwezi, shimo baada ya shimo, amri ilikuwa imetoka: leo saa sita mchana mashine itafukia mashimo yote.

Komisere Kyungu, mkubwa wake Fidélie, alikuwa amemwambia jana mbele ya Kapinga: "Niletee mtu mmoja anayekosekana, kwa alama inayoshikika. Mmoja tu. Nitasimamisha mashine. Bila hivyo, sina la kumwambia kapiteni wa wanajeshi."

Tatizo lilikuwa dogo na baya. Jina la Kalala halikuwa kwenye liste. Siyo ndani, siyo nje. Halikuwapo kabisa.

"Nionyeshe carte yake," Fidélie alisema.

Kapinga aliingiza mkono ndani ya kopo la unga, akatoa kadi ya plastiki, akaipangusa kwenye kitenge. Picha ya Kalala ilikuwa inatabasamu. Katikati ya kadi kulikuwa na tundu lililotobolewa kwa msumari.

"Waliitoboa lini?"

"Miezi mbili sasa. Koperative ilisema bantu ya kutoka mbali habatashuka tena. Eti mbali! Amezaliwa hapa Kolwezi, ku hopitali hii ya chini."

"Na bila carte mtu anashuka?"

"Hapana. Basoda beko ku barrière, pale ku lango. Bila carte haupite."

"Sasa alipita namna gani?"

"Mi sijuwe, mama. Jumanne asubuyi alisema paka hivi tu: leo niko nashuka mu shimo, puits ya ine. Akabeba taa yake ya kichwa na mabuti, akaenda."

Fidélie alizungusha mwanga wa simu. Ukutani, begi la safari lilining'inia kwenye msumari, limejaa vumbi juu. Chaja ya simu ilikuwa palepale kwenye soketi isiyo na umeme. Chini ya meza, ndala mbili ndogo za mtoto zilikuwa zimefungwa waya, moja imeshonwa, nyingine bado.

"Nguo gani haziko?"

Kapinga alifikiri. "Ya kazi. Na koti."

"Koti gani?"

"Ya jeans. Iko na kiraka mu mukongo, kitenge ya bandege ya kijani. Mi mwenyewe nilishona."

"Mtu anashuka shimoni na koti nzuri?"

"Ile ni ya kanisa, mama. Hawezi." Kapinga alitazama tena ukutani. "Lakini haiko."

Hilo koti ndilo lililomchanganya Fidélie tangu jana. Dereva wa taksi-moto alikuwa amemwambia, bila kuulizwa mara mbili, kwamba aliliona Jumanne mchana karibu ya parking ya malori ya Sandoa. Bandege ya kijani mgongoni, hakuna mwingine mwenye koti kama lile. Njia ya Sandoa ndiyo njia ya kupandia Kasai. Komisaria nzima ilikwisha kuamua: Kalala amekimbia mkewe, amekimbia wanajeshi, amerudi kwao.

"Banasema amerudia Kasai," Kapinga alisema, kama aliyesikia. "Kasai gani, mama? Mwaka ile balibapeleka ku gare, balikaa miezi saba banangoja treni, treni haikukuya, bakarudia hapa. Kalala hajaona Kasai hata siku moja."

Ndani, kitanda kililia. Mtoto hakuwa amelala.

Fidélie aliandika mistari mitatu. Begi lipo, kwa hiyo hakusafiri. Kadi ipo, kwa hiyo hakushuka. Koti limeonekana, kwa hiyo yuko hai na anatembea. Aliisoma mara ya pili. Kila mstari peke yake ulikuwa sawa. Ukiiweka pamoja, mtu huyu hakuwa mahali popote.

*

Ofisi ya Tujengane ilikuwa kontena la bluu kwenye lango la Kamwezi. Saa moja na nusu asubuhi wanajeshi walikuwa wakipakia mbao na mabati ya vibanda vilivyobomolewa. Kwenye mlango wa kontena liste ilibandikwa kwa gundi ya karatasi. Majina thelathini na moja, na mbele ya kila jina neno moja: INJE, INJE, INJE, mpaka chini.

Mwenye liste alikuwa Omer, pointeur wa koperative, mwandishi wa wanaoingia na kutoka, kijana wa shati jeupe aliyezoea kuitwa na wachimbaji "Tata Ordinateur", Baba Kompyuta, na kuitikia.

"Liste hii nani ameiandika?" Fidélie aliuliza.

"Ordinateur, madame."

"Na ordinateur imeambiwa na nani?"

Omer alikohoa. "Na mi."

"Basi nifundishe. Mtu anakuja asubuhi. Anafanya nini?"

"Anaonyesha carte ku basoda. Namba ya carte yake ni namba ya jetoni yake, ile bati ndogo. Anatundika jetoni ku tableau, ubao ya misumari, anashuka. Kama anapanda, anachukua jetoni, anapita hapa, mi natia namba mu Excel. Kama hana jetoni, kesho hashuki. Njo hakuna anayesahau."

"Na Jumanne, shimo lilipoanguka?"

"Bote balikimbia, madame. Lakini kufika jioni balirudia kuchukua majetoni yabo. Mi nilikaa hapa mpaka giza. Sikuruka hata mumoja." Alisema hayo kwa uso wa mtu aliyefanya kazi yake, na Fidélie alimwamini nusu.

"Nataka kuona fayili yenyewe. Siyo karatasi."

"Ni kitu kimoja, madame."

"Sawa. Basi haitakusumbua."

Betri ya laptop ilikuwa asilimia kumi na nane. Rais wa koperative alikuwa amekwenda na jenereta nyumbani kwake. Omer alifungua ukurasa wa kwanza. Safu ya A namba, safu ya B jina, C shimo, D saa ya kuingia, E lile neno INJE. Fidélie alikaa kwenye kreti ya bia ya Simba, akavuta laptop kwenye magoti yake.

Miaka miwili alikuwa amekwenda masomo ya jioni ya kompyuta kwenye ukumbi wa parokia, binti yake amelala mgongoni, vidole vyake vikitafuta herufi moja moja. Mwalimu wao alikuwa na ugonjwa mmoja: akikupa jedwali, hataki umwambie jibu, anataka umwambie limetoka wapi. Kwenye seli unaona jibu tu. Lakini kuna fonksyo moja, amri ya kompyuta, inayochukua kilichofichwa nyuma ya jibu na kukiandika mbele yako kama maneno ya kawaida.

Fidélie alikwenda kwenye safu tupu ya F, mstari wa pili, mbele ya mtu wa kwanza. Akaandika:

=FORMULETEXTE(E2)

Akabonyeza. Seli ikajaa:

=SI(NB.SI(JETONS!A:A;A2)>0;"INJE";"NDANI")

"Hii ni kazi yako?"

"Ni ya mi," Omer alisema, na akashindwa kuficha furaha. "Inaenda kutafuta namba ya mutu ku ukurasa ya pili, ya majetoni yenye kurudia. Kama namba iko kule, inaandika INJE. Kama haiko, inaandika NDANI. Mi siandikake kitu. Inajiandika yenyewe."

"Vizuri sana. Kweli vizuri." Alishika pembe ya seli ile na kuiburuta chini mpaka mwisho wa liste. Formula zikashuka kama mistari ya sala, sawasawa, A3, A4, A5. Alizisoma moja moja kwa kidole. Kwenye mstari wa kumi na nane kidole kilisimama.

Hapo hapakuwa na formula. Palikuwa na #N/A.

"Ah, hapo kuna erreur, ni kosa tu," Omer alisema haraka. "Ordinateur hii ni ya zamani."

"Siyo erreur. Nimeiomba inionyeshe formula, na inanijibu hakuna formula hapa." Fidélie aligusa INJE ya mstari ule. Ilifanana na nyingine zote, herufi zilezile, rangi ileile. "Thelathini zimejiandika zenyewe. Hii moja imeandikwa na mkono. Mkono wa nani, Omer?"

Nje, mtu aliangusha bati.

Fidélie alifungua ukurasa wa pili, JETONS. Namba za jetoni zilizorudishwa. Alihesabu mara mbili. Thelathini. Kumi na sita ilikuwapo, kumi na nane ilikuwapo.

"Tableau ya majetoni iko wapi?"

"Basoda balibomoa hangar, lile banda. Niliiingiza hapa." Omer alisogeza magunia matupu nyuma ya kontena. Ilikuwa ubao wenye misumari mitupu, safu kwa safu. Msumari mmoja haukuwa mtupu. Kipande cha mviringo kilichokatwa kwenye kopo la maziwa ya unga kilining'inia hapo, kimegongwa namba kwa patasi: 17.

Fidélie alikitoa, akakifunga ndani ya leso yake. Kisha akasoma jina kwenye mstari wa kumi na nane. Jetoni 17. Nkulu.

"Kwa hiyo Nkulu yuko chini," alisema polepole, "na wewe umemwandika nje ili mashine ifukie. Unajua hiyo inaitwaje, Omer?"

Omer alifungua mdomo, kisha, jambo ambalo Fidélie hakulitegemea, akacheka. Kicheko cha mtu aliyeogopa na kuponea.

"Nkulu? Madame, Nkulu eko muzima! Nilikula naye bukari Jumanne mangaribi ku matanga! Tulikula sahani moja!"

"Unasema kweli?"

"Uende uangalie, eko kule mpaka leo. Mi nilikuwa na liste, inasema bote INJE, Nkulu peke yake NDANI. Rais anapiga simu, basoda banataka liste mbele ya saa mbili. Nikaenda ku matanga, nikamukuta Nkulu amekaa, anashika sahani. Nikasema mu roho, kumbe huyu amesahau jetoni juu ya kilio; ku matanga habaulizake mutu mambo ya kazi. Nikarudia, nikaondoa NDANI, nikaandika INJE. Nilikosa nini? Formula ilisema uongo, mi nikasahihisha."

Betri sasa ilikuwa asilimia tisa. Fidélie alitazama #N/A ile. Sasa alikuwa na mtu aliyeshuka na hakupanda, ambaye alikuwa matangani anakula. Na mtu ambaye hakushuka, ambaye hakurudi kwake. Alihisi kama anashona na nyuzi mbili zilizofungana.

"Matanga ya nani?"

"Ya mujomba ya muke yake. Karibu ya parking ya malori ya Sandoa."

Kalamu ilisimama juu ya daftari.

"Nkulu alivaa nini?"

"Hee, madame, nguo? Alivaa vizuri, ni mukwe, anakaa mbele. Koti ya jeans." Omer alijipapasa bega kwa nyuma. "Na kitenge hapa, bandege."

"Ya kijani."

"Ya kijani. Unamujua?"

Fidélie alinakili formula mbili kwenye daftari, ya mstari wa kumi na saba na ya kumi na tisa, na kati yake akaandika #N/A kwa herufi kubwa. Laptop ilizimika mara alipomaliza. Akasimama.

"Formula haikusema uongo, Omer. Haiko inajua sura ya watu. Inajua jetoni. Ilikwambia kuna jetoni moja haikurudi, na wewe ukaenda kutafuta sura."

*

Matanga yalikuwa chini ya turubai la bluu, nyuma ya parking. Saa nne na dakika ishirini. Wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, na mbele kabisa, mahali pa wakwe, Nkulu: mwanaume mfupi, mabega mapana, koti limembana kwapani.

"Pole kwa kilio," Fidélie alisema akisimama mbele yake. "Koti hii ni ya nani?"

"Ya mi, mama."

"Kiraka nani ameshona?"

"Muke yangu."

"Mi?" Sauti ilitoka mkekani. "Nkulu, mi hata kutia uzi mu sindano sijuwe. Unaniletea sifa ku kilio?"

Wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka walipo na kufunika midomo. Nkulu alisimama mwenyewe, akamfuata Fidélie mpaka nyuma ya lori lililobeba mihogo.

"Nani alishuka na carte yako Jumanne?"

"Hakuna."

Fidélie alifungua leso. Nkulu aliitazama jetoni ile kama inamtazama pia.

"Iko ku msumari mpaka leo," Fidélie alisema. "Wewe uko hapa. Nani alishuka?"

Uso wa Nkulu ulibadilika polepole, siyo kwa woga kwanza, kwa kutoelewa. "Lakini alitoka, mama. Kalala alitoka. Iko ku liste."

"Sema yote."

"Mi ni mukwe. Mujomba amekufa, siwezi kwenda kukaa mbele ya bakwe na shati ya kupasuka, batasema mutoto yabo ameolewa na nani. Kalala alikuwa na koti. Na yeye carte yake ilitobolewa, miezi mbili hajashuka, mutoto anangoja. Akasema, weye uko ku matanga siku tatu, carte yako inalala bure. Tukabadilishana. Koti, na carte pamoja na jetoni. Ni basi."

"Na barrière? Picha?"

"Mu giza ya asubuyi, na casque ku kichwa, na vumbi? Basoda banaangalia paka rangi ya carte tu."

"Halafu shimo likaanguka."

"Nilisikia Jumanne usiku. Jumatano asubuyi mapema nilikimbia mpaka Kamwezi, nikasoma liste ku mulango. Kumi na saba, Nkulu, INJE. Nikapiga magoti palepale, mama, uulize basoda. Kama Nkulu wa carte eko inje, basi ni Kalala eko inje. Nikasema ameogopa, amejificha, ataleta carte kama basoda banaondoka. Nikarudia ku kilio."

"Omer aliandika INJE kwa sababu alikuona wewe unakula bukari."

Nkulu alishusha macho kwenye jetoni.

"Yeye alikuamini wewe, wewe ukaamini karatasi yake," Fidélie alisema. "Na hakuna aliyemwona Kalala."

Nkulu alikaa chini, juu ya maganda ya mihogo, na koti la watu. Alishika kichwa. Lori lilikuwa likipakiwa. Mtu aliita abiria wa Sandoa, mara mbili, mara tatu.

"Mama, bakijua nilitoa carte, batatoboa ya mi pia. Batanifunga. Na bakwe bako hapa."

"Ndiyo."

"Hautanisaidia?"

"Nitasema ulikuja mwenyewe. Zaidi ya hiyo sina." Alitazama saa. "Ukibaki hapa, saa sita wanafukia. Mi na kipande cha kopo peke yangu sitoshi. Namba hii inataka mwenyewe aje aseme hakushuka."

Nkulu alianza kuvua koti. Mkono mmoja ulipotoka alisimama, akaurudisha.

"Nitalirudisha ku mwenyewe," alisema. "Taksi-moto iko wapi?"

*

Mashine ya njano ilikuwa inanguruma walipofika. Saa tano na dakika thelathini na tano. Haikungoja saa sita: mashimo matatu yalikuwa yamekwisha kuwa udongo bapa. La nne lilibaki, kinywa kimejaa kifusi, na katikati ya kifusi bomba la chuma la kuvutia maji limesimama kama fimbo iliyosahauliwa. Nyuma ya kamba Kapinga alikuwa amemshika Tshibola mkono. Hakuna aliyewaita; walikuja kwa miguu.

Komisere Kyungu, mwanaume mnene aliyetembea daima na kitambaa cha jasho, alimkuta Fidélie njiani. "Umeniletea mtu?"

"Nimekuletea namba, chef. Na mwenye namba."

Kapiteni wa wanajeshi alikaribia. Fidélie alifungua daftari, akaonyesha formula mbili na #N/A kati yake, akaanza kueleza. Kapiteni aliinua kiganja.

"Mi sikusoma Excel, madame. Niko na amri na saa. Liste inasema bote inje. Mbele yangu kuna sahihi ya rais ya koperative."

"Liste inasema kweli kwa watu thelathini. Huyu mmoja aliandikwa na mkono." Alinyoosha leso. "Hii ndiyo alama yake. Aliitundika akishuka. Hakuichukua."

"Labda aliisahau. Bantu banasahau."

"Basi muulize."

Nkulu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Kapinga, ng'ambo ya kamba, aliliona koti. Alipiga kelele moja fupi, kisha akaona sura iliyo ndani yake na sauti ikafa.

"Namba kumi na saba ni mi," Nkulu alisema. Hakuna aliyesikia kwa ngurumo. Alirudia kwa nguvu zote: "Kumi na saba ni mi, na mi sikushuka! Nilimupa Kalala carte yangu! Kalala ni huyu wa huku chini! Munifunge, lakini muzime hii kitu!"

Wanajeshi wawili walitazamana. Komisere alifuta jasho shingoni, akatazama jetoni, akatazama Nkulu, akatazama mwanamke nyuma ya kamba. Alikuwa mtu wa polepole na siku hiyo alichelewa kupita kawaida.

"Jetoni moja haikurudi," alisema mwishowe. "Mwenyewe yuko hapa, anasema hakushuka. Basi aliyeshuka hakupanda. Hata mimi niliyeishia shule ya primaire naona hivyo. Kapiteni, huyu ndiye mtu wangu anayekosekana. Zima."

"Niko na amri, komisere."

"Na mimi nitaandika ripoti, procès-verbal, kwamba ulifukia mtu huku umeambiwa. Jina lako linaandikwaje?"

Kapiteni alitafuna kitu ambacho hakikuwapo mdomoni. Kisha akamwonyesha dereva vidole kumi. "Dakika kumi. Si zaidi."

Mashine ilikohoa, ikanyamaza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito masikioni. Upepo ulisogeza bati mahali fulani. Fidélie alipanda kifusi kwa mikono na magoti, akafika kwenye bomba, akabandika sikio. Chuma kilikuwa na joto la jua. Alisikia mapigo ya moyo wake mwenyewe na mchanga ukiteleza.

"Unasikia?" Komisere aliita.

"Sijui, chef."

Nkulu naye akapanda, akasikiliza, akatikisa kichwa: labda ndiyo, labda siyo. Kulikuwa na kitu, kisha hakukuwa na kitu. Kokoto, alisema kapiteni. Ardhi inajipanga ikianguka, kila mchimbaji anajua. Dakika saba zilikuwa zimebaki, halafu sita. Fidélie aliokota jiwe, akagonga bomba mara moja, akangoja. Hakuna. Akagonga tena mara moja. Hakuna. Kisha akakumbuka mstari alioandika alfajiri bila kujua utamsaidia nini. Akagonga mara tatu, akahesabu pumzi moja, akagonga mara moja.

Walingoja. Kapiteni alitazama saa yake.

Kutoka chini kabisa, hafifu kama ukucha juu ya kopo, kilikuja kitu. Watu wazima walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja mwingine aseme amesikia.

Nyuma ya kamba, Tshibola aliuachia mkono wa mama yake.

"Papa eko anagonga," alisema.